Pietro Nenni: mzee wa Italia aliyekataa kujifanya haioni Uchina

Sisi watu wa Pwani tumewazoea Waitaliano na tumewazoea Wachina. Waitaliano tunaishi nao Malindi na Watamu, na wazee wa Ngomeni wangali wanazikumbuka roketi zilizorushwa kutoka baharini kwao kuanzia mwaka 1967. Wachina tumewaona wakijenga reli kutoka Mombasa na gati za Lamu. Kila kundi tunalizungumzia kivyake. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza mataifa haya mawili yenyewe kwa yenyewe yalijuana vipi.

Kwa miaka 21, tangu Oktoba 1949 hadi Novemba 1970, serikali ya Italia ilijifanya haiioni serikali ya Beijing. Katika makaratasi ya Roma, Uchina ilikuwa ni ile serikali iliyokimbilia kisiwa cha Taiwan baada ya kushindwa vita. Watu zaidi ya milioni 700 wa bara walikuwa kama hawapo. Aliyesimama bungeni Januari 1969 na kutangaza kwamba mchezo huo umefika mwisho alikuwa mzee wa miaka 77, aliyelelewa katika nyumba ya mayatima, aliyefungwa jela mara kadhaa na kuishi uhamishoni miaka mingi. Jina lake ni Pietro Nenni.

Namwandika leo kwa sababu ya siasa zetu wenyewe. Siku hizi mwanasiasa wa Pwani akikaa meza moja na mpinzani wake anaitwa msaliti. Akikiri kwamba mpinzani ana wafuasi, basi amemsifu. Tumechanganya kukiri kitu na kukipenda, na maisha ya Nenni yanaonyesha kuwa hayo ni mambo mawili.

Nenni alizaliwa tarehe 9 Februari 1891 katika mji wa Faenza, jimbo la Romagna, kaskazini mwa Italia. Wazazi wake walikuwa watu wa chini waliotegemea kazi za matajiri. Baba alifariki mtoto akiwa mdogo sana, na mama hakuwa na uwezo wa kumlea. Akapelekwa kwenye nyumba ya mayatima. Huko alijifunza mambo mawili: kusoma, na kuchukia hali ya mtu kuishi kwa hisani ya mwingine. Alipokuwa kijana aliingia siasa za wale waliotaka ufalme uondoke na Italia iwe jamhuri. Akawa mwandishi wa magazeti. Kalamu ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza, na kwa kweli hakuiacha maisha yake yote.

Mwaka 1911 serikali ya Italia iliamua kuinyakua Libya kutoka kwa Dola ya Uthmaniya. Meli za vita zikaelekea Tripoli. Magazeti makubwa ya Italia yalishangilia, yakawaambia maskini kwamba huko watapata ardhi. Nenni, akiwa na miaka 20 tu, alikuwa miongoni mwa waliopinga. Katika mji wa Forlì wafanyakazi waligoma, na baadhi yao wakajaribu kuzuia treni zisiwachukue wanajeshi. Nenni alikamatwa Oktoba, pamoja na kijana mwingine wa hapo hapo, mwalimu na mwandishi, msoshalisti mwenye ulimi mkali. Wote wawili wakafungwa. Familia zao zilijuana na wao wenyewe wakawa marafiki. Kijana huyo mwingine alikuwa ni Benito Mussolini.

Hapa msomaji Mwislamu atasimama kidogo. Huyo aliyekwenda jela kwa kupinga vita vya Libya ndiye ambaye miaka 20 baadaye, akiwa mtawala wa Italia, serikali yake ilimnyonga Sheikh Omar Mukhtar, mzee wa zaidi ya miaka 70, mbele ya watu wake mwenyewe, tarehe 16 Septemba 1931. Ndiye pia aliyeivamia Ethiopia mwaka 1935, jirani yetu wa kaskazini. Jela moja ilitoa watu wawili, na kila mmoja akashika njia yake.

Sitaki kumfanya Nenni kuwa walii. Mwaka 1914 yeye na Mussolini wote waliunga mkono Italia kuingia Vita Kuu ya Kwanza, na Nenni akaenda kupigana. Mwaka 1919, katika vurugu za baada ya vita, alikuwa miongoni mwa walioanzisha tawi la vuguvugu la Mussolini mjini Bologna. Hakukaa. Alipoona magenge ya mafashisti yanachoma ofisi za magazeti na kuwapiga wafanyakazi, alihamia upande wa waliokuwa wakipigwa. Mwaka 1921 aliingia Chama cha Kisoshalisti, na baadaye akawa mhariri wa gazeti lake, Avanti!.

Januari 1922 Nenni na Mussolini walikutana mjini Cannes, Ufaransa, wote wakiwa wamekwenda kama waandishi kuripoti mkutano wa mataifa makubwa. Walizungumza kwa muda mrefu, wakatofautiana, wakaachana. Hawakuzungumza tena ana kwa ana. Oktoba mwaka huo huo Mussolini akawa waziri mkuu. Mwaka 1924 mbunge wa kisoshalisti Giacomo Matteotti alitekwa nyara na kuuawa kwa sababu ya kufichua wizi na vitisho katika uchaguzi. Mwaka 1926 vyama vyote vya upinzani vilipigwa marufuku, na Nenni akakimbilia Ufaransa.

Uhamishoni aliishi kwa kuandika. Vilipoanza vita vya wenyewe kwa wenyewe Uhispania mwaka 1936, alikwenda huko kuwa pamoja na vikosi vya wageni waliojitolea kuitetea serikali ya jamhuri. Upande wa pili kulikuwa na wanajeshi wa Italia waliotumwa na Mussolini. Kwa hiyo Waitaliano walipigana na Waitaliano katika nchi ya watu.

Wakati huo huo serikali ya Mussolini ilikuwa na mambo yake Uchina. Italia ilikuwa na eneo lake katika mji wa Tianjin tangu mwanzo wa karne, moja ya zile sehemu ambazo mataifa ya Ulaya yalijikatia ndani ya miji ya Wachina na kuzitawala kama mali yao. Japani ilipoteka Manchuria na kuunda huko nchi ya bandia iitwayo Manchukuo, Roma iliitambua Novemba 1937. Mwaka 1941 ikaitambua pia serikali ya Nanjing iliyowekwa madarakani na jeshi la Japani. Tukumbuke jambo hili, kwa sababu tutalirudia: Italia ya Mussolini ilizitambua serikali za Uchina ambazo hazikuwa na watu nyuma yake.

Mwaka 1940 Wajerumani waliiteka Ufaransa. Nenni hakuwa na pa kukimbilia tena. Binti yake wa tatu, Vittoria, ambaye nyumbani walimwita Vivà, alikuwa ameolewa na Mfaransa mwenye kiwanda cha kupigia chapa huko Paris. Mume na mke walichapisha kwa siri makaratasi ya kuwapinga Wajerumani. Walikamatwa Juni 1942. Mume, Henri Daubeuf, alipigwa risasi Agosti. Vivà alielezwa kwamba akidai uraia wa Italia, nchi rafiki ya Ujerumani, huenda akanusurika. Alikataa, kwa kuwa aliona baba yake angeaibika kwa jambo hilo. Januari 1943 alisafirishwa kwenda Auschwitz katika treni iliyobeba wanawake 230. Waliorudi walikuwa 49. Vivà hakuwa miongoni mwao. Alifariki Julai 1943, akiwa na miaka 27. Baba yake alipata yakini ya kifo chake vita vilipokwisha.

Nenni mwenyewe alikamatwa na Wajerumani mwanzoni mwa 1943, akakabidhiwa kwa serikali ya Italia na kupelekwa kisiwa cha Ponza, mahali ambapo mafashisti waliwaweka wapinzani wao. Tarehe 25 Julai wakuu wa chama cha Mussolini wenyewe walimgeuka, na mfalme akaamuru akamatwe. Siku tatu baadaye meli ya kivita ilitia nanga Ponza. Wafungwa wakatazama, wakaona anayeteremshwa chini ya ulinzi ni Mussolini. Siku iliyofuata alitimiza miaka 60, akiwa mfungwa katika kisiwa alichokuwa akiwapelekea wenzake. Nenni alimwona kwa mbali kutoka dirishani, akaandika katika daftari lake la kila siku. Wazee wetu husema mpanda ngazi hushuka. Nenni angeweza kushangilia. Alichoandika kilikuwa na huzuni zaidi ya furaha: aliwakumbuka vijana wawili katika jela moja zaidi ya miaka 30 nyuma. Wakati ule hakujua kwamba binti yake alikuwa amekwisha kufa wiki mbili kabla.

Aliachiliwa Agosti. Wajerumani walipoiteka Roma alijificha katika majengo ya Kanisa huko Laterano, yeye ambaye maisha yake yote alikuwa akigombana na mapadri. Wapo watu waliomhifadhi bila kumwuliza imani yake, na hilo nalo hakulisahau.

Baada ya vita Nenni akawa mmoja wa wakubwa wa Italia mpya. Tarehe 2 Juni 1946 Waitaliano walipiga kura kuchagua baina ya ufalme na jamhuri, na jamhuri ikapata zaidi ya asilimia 54. Hakuna aliyeifanyia kampeni kura hiyo kwa bidii kumzidi. Oktoba mwaka huo akawa Waziri wa Mambo ya Nje kwa miezi michache. Kazi iliyokuwa mezani ilikuwa chungu: mkataba wa amani na mataifa yaliyoishinda Italia. Mkataba ulitiwa sahihi Paris tarehe 10 Februari 1947, siku chache baada ya yeye kuondoka wizarani. Kwa mkataba huo Italia iliachia madai yake juu ya Libya, Eritrea na Somalia. Iliachia pia eneo la Tianjin na haki zote ilizojichukulia Uchina tangu 1901. Watu wa Afrika Mashariki tunaujua upande mmoja wa mkataba huo. Upande wa pili ulikuwa Uchina.

Tarehe 1 Oktoba 1949 Mao Zedong alitangaza Jamhuri ya Watu wa Uchina mjini Beijing. Chiang Kai-shek na serikali yake walihamia Taiwan. Uingereza iliitambua Beijing mapema mwaka 1950, maana ilikuwa na Hong Kong na biashara zake. Italia ilikuwa imeingia muungano wa kijeshi wa NATO mwaka 1949 na iliitegemea Marekani kwa fedha za kujijenga upya. Vikaja vita vya Korea mwaka 1950, Wachina wakapigana na Wamarekani, na mlango ukafungwa kabisa. Roma ikabaki na balozi wa Taiwan.

Nenni wakati huo alikuwa upinzani, na alikuwa karibu mno na Wakomunisti. Mwaka 1951 alipewa tuzo ya amani ya Stalin, na aliipokea. Mtu anayetaka kumlaumu ana haki yake. Alipaswa kujua zaidi juu ya magereza ya Stalin, hasa yeye aliyeyajua magereza.

Mwaka 1955 alisafiri hadi Beijing. Ni mwaka huo huo wa mkutano wa Bandung, ambako waziri mkuu wa Uchina Zhou Enlai alikutana na viongozi wa Asia na Afrika. Nenni alipokewa na Zhou na Mao. Aliona nchi maskini sana, yenye watu wengi sana, iliyokuwa na serikali inayofika hadi kijiji cha mwisho. Alirudi Italia akiwa na hoja moja aliyoirudia kwa miaka 15: iwe unawapenda au huwapendi, hawa ndio wanaoitawala Uchina, na amani ya dunia haiwezi kujengwa kwa kuwaweka nje ya Umoja wa Mataifa.

Mwaka uliofuata mambo yalimpasukia. Februari 1956 Khrushchev alifichua makosa ya Stalin, na Novemba vifaru vya Urusi vikaingia Budapest kuwaponda Wahungari. Nenni alivunja ushirika wake na Wakomunisti. Wengi walitarajia kwamba akiwaacha Wakomunisti ataiacha pia ile habari ya Uchina. Hakuiacha. Hoja yake ilikuwa juu ya ukweli wa jambo, haikuwa juu ya mapenzi ya itikadi.

Kisha kikatokea kichekesho cha historia. Kuanzia mwisho wa 1962 Beijing ilianza kumshambulia hadharani Palmiro Togliatti, kiongozi wa Wakomunisti wa Italia, ikimwona amelegea na amejiweka upande wa Urusi. Kwa hiyo Wakomunisti wa Italia, ambao mtu angewadhania ndio madaraja ya Uchina, wakawa hawapatani na Uchina. Kazi ya kufungua mlango ikabaki kwa msoshalisti mzee, Wakatoliki wachache wenye kuona mbali, na wafanyabiashara.

Wafanyabiashara hawakuwa nyuma. Enrico Mattei, mkuu wa kampuni ya mafuta ya ENI, alifika Uchina mwaka 1958. Desemba 1963 Nenni akawa naibu waziri mkuu katika serikali ya Aldo Moro, Mkatoliki wa chama cha Demokrasia ya Kikristo. Januari 1964 Ufaransa ya Jenerali de Gaulle iliitambua Beijing. Novemba mwaka huo Italia na Uchina zilikubaliana kufungua ofisi za biashara Roma na Beijing. Haukuwa ubalozi, lakini ulikuwa mguu mlangoni. Katika Umoja wa Mataifa, Italia ilipendekeza mwaka 1966 iundwe kamati ya kulichunguza suala la kiti cha Uchina. Pendekezo halikupita. Ni desturi ya serikali zote, hata zetu: jambo likiwa zito, iundwe kamati.

Desemba 1968 Nenni alirudi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, miaka 22 baada ya mara ya kwanza. Tarehe 24 Januari 1969 alilieleza Bunge kwamba serikali ya Italia imekusudia kuitambua Jamhuri ya Watu wa Uchina. Richard Nixon alikuwa ameapishwa Washington siku nne tu kabla yake. Marekani haikufurahi. Taiwan ililalamika. Ndani ya serikali yenyewe kulikuwa na waliotaka jambo lisogezwe mbele, na wengine walihofia itakuwaje kwa Wakatoliki waliokuwa chini ya Beijing.

Na Uchina ya wakati ule haikuwa rahisi kuitetea. Mapinduzi ya Kitamaduni yalikuwa yanawaka tangu 1966. Walimu walidhalilishwa mbele ya wanafunzi wao, misikiti na makanisa na mahekalu yalifungwa au kuharibiwa, mabalozi wa Uchina karibu wote walikuwa wameitwa nyumbani. Miaka michache kabla, njaa iliyofuata sera za Mao za mwaka 1958 ilikuwa imeua mamilioni ya watu. Aliyetaka sababu za kukataa alizipata tele. Jibu la Nenni lilikuwa kwamba kuitambua serikali si kuipa cheti cha tabia njema. Kama ingekuwa hivyo, ni serikali ngapi duniani zingetambuliwa?

Mazungumzo yalianza Paris, kupitia balozi za nchi hizo mbili. Kikwazo kilikuwa Taiwan. Beijing ilitaka Italia ikubali kwamba Taiwan ni sehemu ya Uchina isiyotengeka. Italia ilikuwa tayari kukubali kwamba serikali ya Uchina ni moja tu, ile ya Beijing, lakini haikutaka kutoa hukumu juu ya mipaka yake. Wakabishana juu ya maneno kwa karibu miaka miwili. Mwishowe ikapatikana njia, ile ile ambayo Kanada ilikuwa imeifikia Oktoba 1970: Uchina inatamka msimamo wake juu ya Taiwan, na upande wa pili unasema umeusikia msimamo huo. Mtu anaweza kucheka kwamba miaka miwili ilitumika kutafuta neno moja. Lakini wanaojua suluhu za ardhi na ndoa huku kwetu wanajua kwamba mara nyingi ni neno moja linalowezesha pande mbili kunyanyuka kwenye jamvi bila ya mmoja kuaibika.

Nenni hakuwepo wizarani siku ya kutia sahihi. Julai 1969 chama chake kilipasuka tena, baada ya yeye kutumia miaka kuwaunganisha wasoshalisti. Serikali ikaanguka, naye akatoka akiwa amevunjika moyo. Kazi ilimaliziwa na Aldo Moro, aliyechukua wizara hiyo. Tarehe 6 Novemba 1970 Italia na Uchina zilitangaza uhusiano wa kibalozi. Taiwan ikavunja uhusiano na Roma. Moro hakuigeuza kazi ya mtangulizi wake kwa sababu tu ilikuwa ya mtangulizi, na kwa sisi tuliozoea kila gavana mpya kufuta miradi ya aliyemtangulia, hilo peke yake ni funzo. Mwezi huo huo Nenni aliteuliwa seneta wa maisha.

Mwaka uliofuata, tarehe 25 Oktoba 1971, Umoja wa Mataifa uliirudishia Beijing kiti cha Uchina kwa kura 76 dhidi ya 35, huku 17 wakijizuia. Italia ilipiga kura ya ndiyo. Kenya nayo ilipiga ndiyo, ingawa uhusiano wetu na Beijing ulioanza Desemba 1963 ulikuwa umeharibika tangu 1967. Nasi wa Uswahilini tulikuwa na mtu wetu mle ukumbini: Salim Ahmed Salim, Mzanzibari, balozi wa Tanzania, kijana wa miaka 29, aliyekuwa mstari wa mbele kuitetea Uchina. Furaha yake na wenzake usiku ule iliwaudhi Wamarekani. Mwaka 1981 alipogombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu mara baada ya mara, na wengi waliamini kwamba usiku wa 1971 haukuwa umesahauliwa. Kusema kilichopo kuna gharama.

Kichekesho ni kwamba wakati wa kura hiyo, mjumbe wa Nixon, Henry Kissinger, alikuwa amekwisha kwenda Beijing kwa siri Julai 1971. Februari 1972 Nixon mwenyewe alikwenda kupeana mkono na Mao. Wale waliomnunia Nenni Januari 1969 walipita mlango ule ule miaka mitatu baadaye, kwa shangwe na kamera. Nenni naye alirudi Uchina mwaka 1971, akiwa na miaka 80, akapokewa tena na Zhou Enlai.

Alifariki Roma tarehe 1 Januari 1980, akiwa amebakisha wiki chache atimize miaka 89. Hakuacha mali. Aliacha madaftari ya kumbukumbu zake, na chama ambacho miaka 14 baadaye kilisambaratika kwa kashfa za rushwa chini ya viongozi waliomfuata.

Baadhi ya wasomaji watasema: na huko kuitambua Uchina kumewaletea nini Waitaliano? Machi 2019 Italia ilijiunga na mradi wa Uchina wa barabara na bandari, ule ambao reli yetu ya Mombasa huhesabiwa ndani yake, na Desemba 2023 ikajitoa, kwa kuona faida haikuwa kama ilivyotarajiwa. Ilijitoa, lakini ubalozi ukabaki na biashara ikaendelea. Kwangu mimi hapo ndipo hoja ya Nenni inapoonekana vizuri. Anayemtambua mwenzake anaweza kumkatalia. Asiyemtambua hawezi hata kumkatalia, maana hana wa kuzungumza naye.

Mussolini aliitambua Manchukuo kwa sababu ilimpendeza rafiki yake Japani. Waliofuata walikataa kuitambua Beijing kwa sababu ingemchukiza rafiki yao Marekani. Wote wawili walitazama uso wa rafiki kabla ya kutazama kilichopo mbele yao. Nenni, ambaye rafiki yake wa ujanani aligeuka kuwa mfunga watu, na ambaye alimpoteza bintiye kwa mikono ya marafiki wa huyo rafiki, alijifunza kutoipima siasa kwa marafiki.

Kaunti zetu za Pwani zina mashauri mengi yanayongoja mtu wa namna hiyo. Iko migogoro ya ardhi ambayo kila upande unajifanya upande wa pili haupo: maskwota wanaoishi mahali miaka 40 na karatasi hazina majina yao, na wenye karatasi ambao hawajawahi kuukanyaga mchanga wenyewe. Kamati zimeundwa, ripoti zimeandikwa. Kumwambia mwenye karatasi kwamba watu hao wapo si kumnyang'anya, na kumwambia skwota kwamba karatasi ipo si kumfukuza. Ni mahali pa kuanzia tu. Uchina na Italia zilichukua miaka 21 kufika hapo. Sisi kwenye ardhi tumeshapita muda huo, na waliokuwa vijana wakati ripoti za kwanza zinaandikwa wameanza kuzikwa kwenye ardhi ile ile isiyo na majina yao.